Mwalimu Kipeuo Ajifungia Nje

Kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Hapo ndipo tulipomwacha Mwalimu wa Hesabu wiki iliyopita, na kama gazeti lile ulilifungia sabuni, usijali, utakumbushwa mbio mbio, kwa maana sisi hatuna muda na yeye anao mchache kuliko sisi.

Alibonyeza, na seva ya shule, ile mashine inayobeba tovuti yake, ikatii. Ikafunga milango yake yote.

Yote. Pamoja na ule aliokuwa akiutumia yeye mwenyewe kuingilia.

"Hapana," alisema Kipeuo. Ndilo jina alilobatizwa na wanafunzi, kwa kuwa kila swali lake huishia kwenye kipeuo cha pili, na kila kipeuo cha pili huishia kwenye machozi. "Hapana, hapana, hapana."

Akaandika amri ya kuingia. Kompyuta yake ikanyamaza kitambo, kisha ikamjulisha kwamba muda umekwisha. Akaandika tena. Muda ukaisha tena. Akaandika mara ya tatu, safari hii akigonga vitufe kwa nguvu, kana kwamba kompyuta ilikuwa na uziwi.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi. Saa sita kamili mchana, maombi ya wasichana wanaotaka kuingia kidato cha kwanza yangefungwa. Fomu mia nne na kumi na mbili zilikuwa tayari ndani ya seva ile. Wazazi wa dakika za mwisho, ambao ndio wengi katika taifa lolote, walikuwa ndiyo kwanza wanatafuta miwani.

Shule nyingine hupanga. Hukodi nafasi kwenye mashine za watu, tovuti zao zikalala kwenye nyumba za kupanga. Kipeuo ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa walimu akadai shule ijenge kwake: mashine yake, programu yake, fomu zake chini ya paa lake.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema siku hiyo, mbele ya walimu ishirini na mmoja, akiwemo Mwalimu wa Dini.

Mkuu wa shule alikohoa mara tatu. Alikuwa na sababu. Nguo iliyotakiwa kuazimwa ilikuwa ya shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwenye kampuni ya kupangisha tovuti. Shule nzima humwita Shemeji, hata wasio na dada wa kuolewa.

"Na mashine yako ikianguka?" Mkuu aliuliza.

"Ikianguka, naacha kazi."

"Andika."

Akaandika. Barua ile imo mkobani mwa Mkuu hadi leo. Imesainiwa. Imekosa tarehe tu.

Sasa, asubuhi hii, Kipeuo alikuwa amefungua kumbukumbu za seva akakuta mtu asiyejulikana amebisha hodi mara elfu tisa tangu alfajiri, akibahatisha nywila. Akaamua kufunga milango yote kwanza, halafu afungue miwili anayoihitaji. Mpango mzuri sana, isipokuwa milango ile hufunguliwa kutoka ndani, na yeye alikuwa nje.

Simu ikalia.

"Mwalimu, tovuti yenu inazunguka tu kama pia," alisema mama mmoja.

"Endelea kujaribu, mama."

"Nimejaribu mpaka bando limeisha, naongea kwa simu ya jirani!"

"Basi mshukuru jirani." Akakata.

Njia ilibaki moja. Kuifikia mashine yenyewe, kukaa mbele ya kioo chake, na kuzungumza nayo ana kwa ana. Mashine ilikuwa stoo, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye nondo madirishani na baridi ya kutosha. Kipeuo akatoka ofisini mbio, kiatu kimoja kikilalamika.

Mlangoni pa stoo, juu ya kigoda, alikuwa ameketi Bwana Kitabu, daftari kubwa likiwa magotini. Huyu ndiye mtunza stoo. Kwa miaka ishirini na sita hajapoteza hata kijiko, na kwa miaka hiyo hiyo hajampa mtu kijiko kwa haraka.

"Shikamoo, mzee. Nifungulie tafadhali, kuna dharura!"

"Marahaba, binti yangu. Kibali."

"Kibali cha nini? Nakwenda kwenye mashine yangu!"

"Mashine ya shule. Ukurasa wa themanini na nne, kati ya majembe na magodoro." Alilamba kidole akafunua ukurasa. "Mwisho wa wiki haingii mtu humu bila kibali cha mwalimu wa zamu."

"Mwalimu wa zamu ni mimi!"

"Najua. Nimeiona beji."

"Basi natoa kibali."

"Unampa nani?"

"Mimi."

"Anayetoa?"

"Mimi, mzee!"

Bwana Kitabu alitikisa kichwa kwa huzuni ya jaji anayempenda mshtakiwa. "Kinyozi hajinyoi, mwalimu."

"Msaidizi wangu wa zamu yuko wapi?"

"Harusini."

"Mkuu?"

"Simu yake haipatikani. Nimepiga mwenyewe, kuhusu sabuni."

Kipeuo alishika kichwa. Kilomita sifuri mbele yake, nyuma ya ubao mmoja wa mninga, kulikuwa na fomu za watoto mia nne na kumi na mbili, na kati yake na wao alikaa mzee mmoja mwaminifu. Mwizi angekuwa afadhali. Mwizi unaweza kumpigia kelele.

Ndipo akapata wazo.

"Mzee, wewe unaruhusiwa kuingia humu?"

"Stoo ni yangu."

"Basi ingia wewe. Mimi nitasimama dirishani nikuambie cha kuandika."

Bwana Kitabu aliwaza kanuni moja baada ya nyingine, mbele hadi nyuma, kama mtu anayehesabu mablanketi. Hakuona iliyomkataza.

"Lakini," alisema akiinuka, "kila kinachoingia stoo hakina budi kuandikwa daftarini kwanza."

"Hata maneno?"

"Maneno yanaingia au hayaingii?"

Na hivyo, msomaji, ikaanza saa ndefu kuliko zote katika maisha ya Mwalimu wa Hesabu. Alisimama kwenye ua wa matope, mikono imeshika nondo, kwa sura ya mfungwa aliyekosea upande. Ndani, mzee alivaa miwani, akaketi mbele ya kioo, akaweka daftari kushoto na kibodi kulia. Nyuma ya Kipeuo, kwenye mabomba, wasichana wa kidato cha pili walikuwa wanafua sare. Wakaacha kufua.

"Inauliza nywila," alisema Bwana Kitabu.

Kipeuo akatazama mabomba. Akashusha sauti. "Herufi ndogo tupu. M, k, u, u."

"Sikusikii."

"M! K! U! U!"

"Endelea."

Akaendelea, herufi moja moja, na kila herufi iliandikwa daftarini kwa wino wa buluu kabla ya kutafutwa kwenye kibodi. Herufi ya R ilitafutwa dakika nzima. Ilipokwisha, Bwana Kitabu alifanya kama anavyofanya kwa magunia ya unga. Alihakiki kwa sauti.

"Mkuuanakoromamkutanoni, saba. Sahihi?"

Mabomba yakalipuka kwa kicheko. Mmoja alitumbukia kwenye beseni.

"Sahihi," alisema Kipeuo, masikio yakimwaka moto. "Bonyeza."

"Imekubali. Mwalimu, hili ni jambo la kweli au ni mfano?"

"Mzee, tuendelee!"

"Ni la kweli," alijijibu Bwana Kitabu, akaandika.

Ikaja amri ya kufungua milango.

"Sasa weka nafasi."

"Nafasi ya nani?"

"Kile kitufe kirefu cha chini."

"Hakina herufi."

"Ndiyo maana kinaitwa nafasi. Kisha: ishirini na mbili."

"Ya nini?"

"Ni mlango. Mlango namba ishirini na mbili."

Bwana Kitabu aligeuka akatazama stoo yake, iliyokuwa na mlango mmoja tangu ijengwe. Akamtazama mwalimu kwa upole, kama mtu anayefikiria kumwita muuguzi.

"Andika tu, mzee wangu. Nakuomba."

Akaandika. Kioo kikajibu.

"Inasemaje?"

"Inasema kitu. Haijakasirika."

Wakafungua na mlango wa pili, ule wa wazazi. Katikati ya amri mzee alipiga chafya, akabonyeza asichokijua, wakaanza upya. Simu ya Kipeuo ililia mara kumi na nne. Saa tano na dakika kumi, milango yote miwili ilikuwa wazi, na Kipeuo akafungua tovuti kwenye simu yake.

Ukurasa mweupe. Mweupe pe, kama daftari la mwanafunzi mvivu.

"Bado!" akapiga teke ukuta wa stoo. Ukuta haukujali. Kidole cha mguu kilijali.

Alijua tatizo. Programu ilikuwa imezubaa kwa kungoja saa nzima nyuma ya mlango uliofungwa. Dawa yake aliijua pia. Ndani ya seva, programu haikai wazi wazi. Hukaa ndani ya kontena, sanduku lisiloonekana lenye kila inachohitaji. Likigoma, unalitupa, unaweka jingine jipya kabisa, dakika moja tu. Huo ndio uzuri wa kontena. Kipeuo aliuhubiri uzuri huo miezi mitano, hata kwa watu waliokuwa wanakula.

"Mzee, andika: ondoa kontena la zamani."

Kalamu ya Bwana Kitabu ikasimama hewani.

"Mna nini ndani yake?"

"Programu."

"Na nini tena?"

"Mzee, ni saa tano na robo!"

"Sijauliza saa. Nimeuliza mna nini. Mimi sitoi sanduku bila kuhesabu vilivyomo."

"Fomu ziko kwenye diski, haziko kwenye kontena! Kontena ni ganda tu!"

"Umehesabu?"

"Sihitaji kuhesabu, nimelitengeneza mwenyewe!"

"Hata kabati langu nililitengeneza mwenyewe," alisema Bwana Kitabu. "Nikalipasua kuni, na vyeti vyangu vya shule vilikuwa ndani."

"Bonyeza, mzee! Ni amri!"

Mzee akashusha pumzi. Akaandika daftarini, taratibu: kwa amri ya mwalimu wa zamu. Kisha akabonyeza. Kisha wakaweka kontena jipya, akabonyeza tena.

Na tovuti ikafunguka!

Ikafunguka nzuri, ya buluu, na nembo ya shule juu. Simu ikalia, na yule mama wa kwanza akapiga kigelegele hadi jirani yake akasikika akidai simu yake. Wasichana wa mabomba walipiga makofi yenye povu. Kipeuo alilia kidogo. Aliupenyeza mkono kwenye nondo, akamshika Bwana Kitabu bega.

"Umeokoa watoto mia nne, mzee."

"Na kumi na mbili," alisema Bwana Kitabu, anayependa hesabu kamili.

Kipeuo akacheka, akafungua ukurasa wake wa siri, ule wa kuhesabia maombi.

Maombi yaliyopokelewa: 0.

Akaufungua upya. 0.

Akaufunga, akaizima simu, akaiwasha, akakifuta kioo kwa kanga yake, kana kwamba namba ilikuwa vumbi. Sasa ilikuwa 1. Yule mama wa simu ya jirani.

Kuna mstari mmoja kwenye karatasi za kuandaa mashine. Mstari huo huiambia programu iweke fomu nje ya kontena, kwenye diski, mahali pa kudumu. Siku ile Kipeuo alikuwa anawahi mkutano, akauruka, akasema atauweka kesho. Kesho hiyo ilikuwa imekwishadumu miezi mitano.

Nakala za akiba je? Zipo! Kila siku programu ilitoa nakala za fomu zote, kwa uaminifu, bila kukosa hata mara moja, na kuzihifadhi ndani ya kontena lilelile.

"Mwalimu," aliita Bwana Kitabu, "mbona umekaa chini kwenye matope?"

Kipeuo alikuwa anafikiria baba mmoja aliyemletea fomu ya binti yake mkononi, imeandikwa kwa penseli, kwa kuwa hakuwa na kompyuta. Kipeuo aliiingiza mwenyewe, akamrudishia karatasi, akamwambia, "Baba, hapa ni salama kuliko karatasi." Binti yule alikuwa na alama za kutisha kwa uzuri. Asingejua kwamba fomu yake haipo. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angejua. Wangekaa nyumbani wakingoja barua, na barua isingekuja, na wangedhani hawakutosha.

Namba ikawa 3. Ikawa 7.

Saa sita kasoro dakika tano, gari likaingia uani, likazunguka, likasimama likiwa limeipa stoo mgongo. Akashuka Mkuu wa shule na mkoba wake. Akashuka Shemeji, suti ya kijivu, viatu visivyojua matope.

Wasichana wakaanza kufua kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Mwalimu," alisema Mkuu, "inuka. Wazazi wanalalamika tangu asubuhi. Fomu ziko ngapi?"

Kipeuo akainuka. Ukurasa ule aliuona yeye peke yake. Angeweza kusema mia nne na kumi na tisa, akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akahama nchi. Alifungua mdomo kusema hivyo hivyo. Kisha akaiona akilini ile fomu ya penseli.

"Ziko saba, Mkuu. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Nimezifuta mimi."

Wasichana wakaacha tena kufua.

Mkuu akafungua mkoba. Akaitoa barua. Kipeuo akaitambua saini yake mwenyewe, kubwa, ya siku aliyokuwa na kiburi. Akangoja kalamu.

"Zote?" aliuliza Mkuu.

"Zote."

"Na nakala?"

"Na nakala."

"Hakuna popote pengine palipoandikwa nani aliomba, na alama zake?"

"Hakuna, Mkuu."

Basi, msomaji, Kipeuo amesahihisha mitihani miaka kumi na mmoja. Anazijua nyuso. Anaujua uso wa aliyefeli, wa aliyefaulu, na wa aliyenakili kwa jirani. Na upo uso mmoja adimu kuliko zote: wa mwanafunzi ambaye hakusoma chochote, anapotangaziwa kwamba karatasi zimelowa mvua na mtihani hautasahihishwa.

Huo ndio uso aliouona kwa Mkuu wa shule.

Ulipita upesi. Mkuu akajikaza, akakunja uso wa msiba. Lakini mikono yake ikaichana barua ile vipande viwili, kisha vinne.

"Makosa ni ya binadamu, mwanangu," alisema kwa sauti laini ambayo shule haijawahi kuisikia. "Hutaacha kazi. Tutafanya hivi: Shemeji atatuandalia orodha ya waliochaguliwa."

"Ataiandaa kutoka wapi, Mkuu? Fomu hazipo."

Pasipo fomu, mwandishi wa orodha humchagua amtakaye. Shemeji alikuwa anatazama dirisha la stoo.

"Zimeni mashine hiyo," alisema Mkuu. "Imetutesa vya kutosha."

Hapo Kipeuo akashtuka, lakini kwa ndani. Aliinamisha macho, mpole kama wa kidato cha kwanza siku ya kuripoti. Kwa maana alikuwa na jambo alilolijua, na kati ya wale wawili, kwa kuwatazama, mmoja hakulijua.

Kinachofutwa kwenye diski hakiondoki papo hapo. Mashine hubandua lebo tu. Mzigo wenyewe hubaki rafuni hadi mzigo mwingine uje kuukalia. Kila fomu mpya iliyoingia mchana ule ingeweza kumkalia mtoto mmoja wa zamani. Kuizima mashine, sasa, dakika hii, ndiyo dawa pekee iliyobaki. Fundi mzuri wa diski angeweza kuzifukua. Si zote, labda. Nyingi.

"Ndiyo, Mkuu," alisema. Kisha akageukia nondo, akapaza sauti. "Mzee! Chomoa waya ukutani! Usiandike kwanza, chomoa!"

"Lakini utarati—"

"Chomoa!"

Na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, Bwana Kitabu akatenda kabla ya kuandika. Mvumo wa feni ukashuka, ukashuka, ukanyamaza. Watoto mia nne na kumi na mbili wakalala gizani, na kwa sasa hakuna wa kuwakalia.

Kipeuo akavuta pumzi. Jumatatu asubuhi, alijiambia. Jumatatu nitaichomoa diski ile, nitampelekea fundi.

"Vizuri," alisema Shemeji.

Ndilo neno lake la kwanza tangu afike. Akakunja mikono ya suti, mmoja, kisha wa pili.

"Mashine iliyozimwa hivyo ni ya kutupa," alisema, akitabasamu. "Sitaki iwasumbue. Naichukua sasa hivi, nikaisafishe diski yake vizuri, mara saba, isibaki hata alama."

Kati ya wale wawili, aliyejua alikuwa yeye.

"Fungua mlango, mzee," alisema Mkuu.

Komeo likalia. Kipeuo akageuka, akalitazama gari lililoipa stoo mgongo. Buti lake lilikuwa wazi. Lilikuwa wazi tangu liliposimama, kabla hajasema saba, kabla hajasema nimezifuta. Na ndani ya buti palikuwa pametandikwa blanketi, limekunjwa kwa ukubwa wa seva ile hasa, kama kitanda cha mtoto anayesubiriwa.

Shemeji akatokeza mlangoni na mashine kifuani.

"Nipishe, mwalimu."

Kipeuo hakumpisha.